UZI: Kupika Kiasia bila gluteni. Tuanze na chupa, viungo baadaye

MweziMpya

Wakuu, habari za muda huu.

Mada ya kula bila gluteni ikifunguliwa popote, komenti tatu tu watu wameshahamia kwenye mkate. Mkate wa unga wa mchele unabomoka, keki haiumuki, biskuti kama changarawe. Wanapigana na unga wakati kuna majiko ya watu wengi sana duniani ambayo hayajawahi kuutegemea unga wa ngano. Vietnam tambi zao nyingi ni za mchele. Thailand wali. Kusini mwa India kuna dosa na idli, mchele na dengu nyeusi za urad vilivyosagwa na kuachwa vichachuke. Korea wana tambi za wanga wa viazi vitamu.

Msimamo wangu nauweka mapema: mtu aliyekatazwa gluteni na bado anataka kula chakula chenye ladha, ajifunze kupika Kiasia. Wali hauna shida, mboga hazina shida, nyama na samaki vivyo hivyo, viungo karibu vyote viko salama. Kinachoharibu ni chupa. Zile chupa na makopo yanayopangwa pembeni ya jiko, mengi yana ngano ndani, na ukionja huwezi kujua.

Kwa mgeni wa mada: gluteni ni protini za ngano, shayiri na rai. Wenye ugonjwa wa siliaki, takriban mtu 1 kati ya 100, kinga yao ya mwili inashambulia utumbo mwembamba kila gluteni inapoingia. Dawa iliyopo ni kuiacha maisha yote, na kuiacha kweli, maana kiasi cha miligramu 10 kwa siku ndicho kinachochukuliwa kuwa wengi wao wanaweza kukivumilia. Hiyo ni chembe. Kama unajihisi tu na hujapima, usiache gluteni kabla ya kumwona daktari. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukiwa bado unaila. Ukiacha miezi kadhaa kisha ukapime, unaweza kuambiwa huna kitu na kumbe unacho.

Haya, chupa.

Soya sosi ndiyo mama yao. Ile ya Kijapani ya kawaida, koikuchi, ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya soya sosi inayotengenezwa Japani, ni soya na ngano karibu nusu kwa nusu. Ngano inakaangwa, inapondwa, inachanganywa na soya iliyopikwa, kisha wanapanda ukungu wa Aspergillus na kuloweka kwenye maji ya chumvi kwa miezi. Harufu ile tamu tamu inayopanda puani ukifungua chupa, sehemu kubwa ni ngano hiyo. Shiro, ile nyeupe, ndiyo mbaya zaidi kwetu maana ngano ndiyo nyingi. Za Kichina, nyepesi na nyeusi, nazo huwa na ngano. Kecap manis ya Indonesia, nzito kama asali na ina sukari ya mnazi au ya mchikichi, mara nyingi nayo hivyo hivyo.

Mkombozi ni tamari. Asili yake ni majimaji yaliyokuwa yanajikusanya juu ya miso (ile soya iliyopondwa na kuchachushwa ya Kijapani) ya soya tupu, huko Aichi na majirani zake. Ni nzito kidogo, nyeusi zaidi, chumvi yake imetulia, haina ule ukali wa mbele. Soma lebo hata hivyo, kuna tamari zinazowekwa ngano kidogo na bado zinaitwa tamari. Unataka iliyoandikwa wazi kwamba haina gluteni.

Ya pili ni ile ya utomvu wa maua ya mnazi uliochachushwa na chumvi. Haina hata soya. Nzuri kwa wenye mzio wa soya, lakini kwa kweli ni tamu na inapwaya. Ukiitumia, punguza sukari kwenye pishi na ongeza chumvi, la sivyo utapata kitu kama sharubati.

Nikiishia hapo uzi ungekuwa umetosha nusu, kwa sababu ukibadilisha chupa hiyo moja tu, sosi nyingi unaweza kuzitengeneza mwenyewe kutokana nayo. Nitarudi na mapishi. Maswali yaje.

Sufuria Nyeusi

Nimeweka kambi hapa.

Ila MweziMpya, nina hoja. Mimi nilishasoma kwamba soya sosi ikichachuka ile miezi yote, vimeng'enya vinaikata gluteni vipande vipande hadi inakwisha. Kuna watu wamepeleka maabara ikatoka chini ya kiwango. Kwa nini tusumbuke na tamari ambayo ni ghali?

MweziMpya

Swali zuri sana hili, Sufuria, na ndilo linalowapoteza wengi.

Kiwango unachokisema ni miligramu 20 kwa kilo, ndicho cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ndicho cha Ulaya na Marekani pia. Tatizo ni kipimo chenyewe. Kipimo kinachotumika sana kinafanya kazi kwa kushika protini sehemu mbili kwa wakati mmoja. Uchachushaji ukishaikata protini kuwa vipande vifupi, kipande kinabaki na sehemu moja tu ya kushikwa, kipimo kinakipita kama hakipo. Mwili wa mgonjwa hauhitaji protini nzima ili ukasirike. Kipande kifupi chenye mpangilio unaoutambua kinatosha.

Ndiyo maana mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa kanuni mwaka 2020 inayohusu vyakula vilivyochachushwa: mtengenezaji akitaka kuandika "haina gluteni" lazima aonyeshe kumbukumbu kwamba malighafi yenyewe haikuwa na gluteni kabla ya kuchachusha. Kupima bidhaa iliyomalizika hakutoshi. Sasa soya sosi iliyoanza na nusu ngano inapitaje hapo?

Kwa mtu anayeepuka ngano kwa hiari yake tu, sawa, ajiamulie. Kwa mgonjwa wa siliaki, jibu langu ni hapana.

Sufuria Nyeusi

Dah. Sawa, nimekuelewa. Hiyo ya kipimo kushika sehemu mbili sikuwahi kuambiwa na mtu.

Bi Iliki

Asante kwa uzi, MweziMpya. Mimi nimeishi na siliaki muda mrefu na napika vya India zaidi, kwa hiyo niruhusu niseme upande wa viungo, maana umesema "karibu vyote viko salama" na hiyo "karibu" ina mtu wake.

Mvuje.

Wanaoujua wanajua. Unanuka ukiwa mbichi hadi unauweka kwenye kopo ndani ya kopo, ukiingia kwenye mafuta ya moto unageuka kuwa ladha ya kitunguu na kitunguu saumu kwa pamoja. Ni utomvu mkavu wa mmea wa Ferula unaotoka Irani na Afghanistan. Utomvu safi ni mkali mno na mgumu kama jiwe, kwa hiyo unaouzwa kwenye vikopo ni wa kuchanganywa: mvuje kidogo, gundi ya mgunga, na unga wa kuongeza wingi. Unga huo mara nyingi ni wa ngano. Upo pia uliochanganywa na unga wa mchele, na huo ndio wa kutafuta.

Sasa angalia mtego ulivyo. Mtu anaenda kula dosa, anajua ni mchele na dengu, anafurahi. Pembeni kuna sambar, mchuzi wa dengu na ukwaju, na sambar bila mvuje ni nadra. Kuna papad, nayo ya dengu, ndani ina mvuje. Akirudi nyumbani tumbo limejaa hewa anailaumu dosa. Na dosa nayo si zote. Ile ya rava ni ya semolina, yaani ngano kabisa.

Viungo vizima ndiyo njia salama kuliko zote. Jira, giligilani, iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, uwatu, shamari: ukiviona kwa macho yako ni vyenyewe. Bizari ya unga iliyochanganywa tayari inaweza kuwekewa unga ili isigandane au kuongeza uzito. Mimi nasaga mwenyewe kwenye mashine ndogo ambayo haijawahi kuona ngano.

Na hapo mafuta ya viungo, ile tadka, niwaeleze vizuri kwa sababu watu wengi wanavitupa vyote kwa pamoja halafu wanashangaa uchungu unatoka wapi. Mafuta yawe ya moto lakini yasitoe moshi. Tupia mbegu moja ya haradali; ikizama na kukaa kimya, subiri. Ikipanda juu na kulia "ta!", weka zote, funika nusu maana zinaruka hadi usoni. Mlio ukipungua weka jira. Zitatoa povu jembamba pembeni na kugeuka rangi ya kahawia ndani ya sekunde chache. Pilipili kavu na majani ya mchuzi vinafuata, majani yawe makavu la sivyo mafuta yatakurukia. Mvuje mwisho, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili, zima moto hapo hapo. Mimina juu ya dengu ikiwa bado inanguruma. Viungo vya unga vinaungua haraka kuliko vizima. Manjano na pilipili ya unga usivipe zaidi ya nusu dakika kwenye mafuta bila kuongeza kitu chenye maji.

MweziMpya

Bi Iliki umenifundisha. Naongeza hapo hapo: ukiagiza bajia za unga wa dengu nje ya nyumbani, uliza mafuta yamekaanga nini kabla. Kama sambusa zimepita humo, bajia nazo zimekwisha.

Chumvi Kidogo

Wakuu mimi ni mpenzi wa Korea. Nina kopo la gochujang, ile pilipili nzito iliyochachushwa, nimesoma kisanduku cha mzio mbele pale hakuna neno ngano. Niko salama?

Mtu wa Lebo

Chumvi, subiri usifungue.

Sheria za lebo hazifanani. Marekani sheria ya mzio ya mwaka 2004 inalazimisha kutaja ngano. Shayiri na rai hazimo. Japani nao wanalazimisha ngano, shayiri hapana. Ulaya ndiko nafaka zote zenye gluteni lazima zitajwe na zionekane tofauti kwenye orodha. Kwa hiyo kukosa neno "ngano" kwenye kisanduku cha mzio kunakuambia habari ya ngano tu.

Gochujang ya kienyeji ni pilipili, mchele wa kunata, unga wa soya iliyochachushwa na kimea cha shayiri kinachosaidia kuufanya wanga uwe sukari. Za viwandani nyingi zinaongeza ngano juu yake. Soma orodha nzima ya malighafi, utafute shayiri na kimea kwa majina yao. Zipo zilizotengenezwa kwa mchele tu na zimeandikwa hazina gluteni.

Na kwa kuwa nimeutaja: mchele wa kunata hauna gluteni hata chembe. Unanata kwa sababu wanga wake karibu wote ni amilopektini. Nimeona watu wakiukimbia kwa sababu ya jina lake la Kiingereza tu, "glutinous rice", wanajinyima kitu kitamu bure.

Chumvi Kidogo

Nimeenda kuangalia. Kimea cha shayiri, namba nne kwenye orodha. Basi tena. 😩 Mbadala?

MweziMpya

Pole ndugu yangu. Mbadala upo: vijiko viwili vya chakula vya miso, kimoja na nusu cha pilipili ya unga ya Kikorea (nyekundu, si kali sana), kimoja cha asali, kimoja cha chai cha tamari, matone ya siki ya mchele. Koroga, acha usiku mmoja kwenye friji. Haitakuwa na ule mnato wa mchele lakini ladha inafika.

Hiyo miso ichague. Kuna ya shayiri, mugi, hiyo achana nayo. Ya mchele mara nyingi iko sawa, ila baadhi koji yake (ule ukungu wa kuchachushia) huoteshwa juu ya shayiri, kwa hiyo lebo tena. Ya soya tupu, kama hatcho ya Okazaki inayokaa kwenye mapipa miaka miwili na zaidi, ni soya na chumvi basi. Nyeusi, kali, kijiko kimoja kinafanya kazi ya viwili.

Doenjang ya Korea iliyotengenezwa kwa njia ya zamani nayo ni soya na chumvi, pamoja na ile soya sosi yao ya supu inayotoka humo humo. Za viwandani huwekwa ngano. Ssamjang ya kuchovya, weka pembeni.

Kaka Tangawizi

Naomba orodha kamili ya vya kukimbia, niipige picha nikiwa dukani. Tafadhali mkuu.

MweziMpya

Kaka, orodha ndefu hukaa kwenye simu na haisomwi, lakini nakutajia wale ambao watu hawawatarajii.

Hoisin, ile sosi nzito tamu ya Kichina: unga wa ngano umo wazi. Sosi ya chaza: inawekewa soya sosi, na pengine ngano ya kuizidishia uzito. Doubanjiang ya Pixian, ile inayotia rangi mapo tofu ya Sichuan, ni maharage mapana na pilipili, lakini kuna unga wa ngano katika kuchachusha. Divai ya Shaoxing inaanzishwa kwa hamira ya ngano. Badala yake weka divai ya sheri kavu. Siki nyeusi ya Zhenjiang ina pumba za ngano. Chukua siki ya mchele, sukari kidogo, matone ya tamari. Siki ya Shanxi ina shayiri pamoja na mtama. Vipande vya mchuzi wa kari ya Kijapani ni unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta. Na kaa wa bandia kwenye sushi, yule mwekundu kwa nje, ni samaki aliyesagwa akashikishwa kwa wanga, mara nyingi wa ngano.

Nyama za bandia kwenye mikahawa ya Kibudha na ya wasiokula nyama, zile zinazoitwa bata na si bata, ni gluteni yenyewe iliyooshwa wanga ukatoka. Hiyo siyo kwamba ina gluteni, *ndiyo* gluteni.

Upande wa amani: sosi ya samaki ikiwa ni dagaa na chumvi tu, kiungo cha kamba wadogo waliosagwa, mafuta ya ufuta, siki ya mchele, ukwaju, tui la nazi, mchaichai. Kwa orodha hiyo hiyo unapika pad thai bila kubadilisha kitu: tambi za mchele, sosi ya samaki, ukwaju, sukari ya mchikichi. Ndiyo maana nasema Thailand na Vietnam ni pa kuanzia. Pho, supu ya tambi ya Vietnam, pia, ila hoisin ya mezani usiiguse.

Dada Konde

Tambi za soba je? Niliambiwa bakwiti si ngano.

Mtu wa Lebo

Bakwiti si ngano, sahihi dada. Soba ndiyo yenye mambo. Ile ya kawaida ya mikahawani huitwa nihachi, sehemu mbili ngano na nane bakwiti, maana bakwiti peke yake haishikani. Za dukani za bei rahisi ngano inaweza kuwa nyingi kuliko bakwiti. Tafuta juwari, bakwiti asilimia 100. Na usiilie mkahawani hata kama ni juwari, kwa sababu inachemshwa kwenye maji yaliyochemsha udon, tambi za ngano.

Sufuria Nyeusi

Haya MweziMpya, uliahidi mapishi. Mimi tatizo langu ni sosi kuwa maji maji. Nikiacha soya sosi nzito za dukani, nyama inaogelea.

MweziMpya

Nakuja hapo. Hizi ni kwa watu wawili watatu.

Kwenye bakuli: tamari vijiko vitatu vya chakula, siki ya mchele kimoja, sukari viwili vya chai, maji au supu robo kikombe, konflawa viwili vya chai. Koroga hadi chini pasibaki kitu. Kuwa makini na konflawa yenyewe: Australia kwa mfano kuna inayotengenezwa kwa ngano na jina ni lile lile, imeongezwa neno moja tu mbele. Iwe ya mahindi.

Nyama: ikate nyembamba ukipinga nyuzi. Kwa robo tatu ya kilo, ute wa yai moja, kijiko cha chakula cha konflawa, kijiko cha tamari, cha mafuta. Vuruga kwa mkono, iache nusu saa. Wanga na ute vinafanya ngozi nyembamba inayozuia maji ya nyama yasitoke, na hiyo ndiyo nyama laini ya mikahawa ya Kichina inayowashangaza watu. Ngano haihusiki hata kidogo.

Kikaango kiwe cha moto kweli. Nyama kwa mafungu mawili, usiijaze ikaanza kutoa maji. Ikishika rangi, itoe. Mafuta kidogo tena, tangawizi na kitunguu saumu kwa sekunde 20 hivi, mboga ngumu kwanza, laini baadaye. Rudisha nyama. Sasa ikoroge ile bakuli tena, maana wanga umeshatuama chini kama saruji, na hapa ndipo sosi ya Sufuria inapofia. Mimina pembeni ya kikaango, si katikati. Mwanzo itaonekana nyeusi iliyopauka, kama maji ya kuoshea mchele yaliyotiwa kahawa. Inaanza kutoa mapovu pembezoni, halafu ghafla ule weupe unaondoka, inakuwa angavu na inang'ang'ania mboga. Ukiburuza mwiko chini, njia inabaki wazi kidogo kabla haijajifunga. Zima. Ukiendelea kuichemsha muda mrefu wanga unakatika, inarudi maji. Mafuta ya ufuta matone machache baada ya kuzima, kwani harufu yake haipendi moto.

Wanga wa viazi unashika kwa joto dogo zaidi na unang'aa sana, lakini unakatika upesi. Uweke dakika ya mwisho. Wa muhogo unavutika. Kwa sosi ya kawaida sioni sababu ya kuacha mahindi.

Dada Konde

Na vya kukaanga? Kuku wa Kijapani yule mkavu kwa nje...

MweziMpya

Karaage, dada. Huyo mara nyingi anapakwa wanga wa viazi, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha isipokuwa tamari badala ya soya sosi kwenye kumlowekea, na sake ambayo ni ya mchele. Mpake wanga, mwache dakika tano unga uanze kulowana, mkaange mara mbili: kwanza moto wa kati hadi aive, mpumzishe, kisha moto mkali dakika moja. Binafsi naona wanga wa viazi unashinda ngano hapa, unakuwa mkavu na unabaki mkavu hata akipoa.

Tempura, yaani mboga au kamba waliovikwa rojo na kukaangwa: unga wa mchele na wanga kidogo, maji ya soda ya baridi sana, usikoroge kupita kiasi. Na utafurahi kusikia kwamba kukoroga sana, ambako kwenye unga wa ngano kunaharibu kwa kuifanya gluteni ivutike, kwenye mchele hakuna madhara hayo. Bado usiuchape, mapovu ya soda yatatoka.

Kaka Tangawizi

Nyumbani tunaishi wengi, wengine wanakula ngano kama kawaida. Lazima nihame?

Bi Iliki

Huhami, mwanangu. Chujio la tambi lako peke yako, maana matundu hayasafishiki. Mwiko wa mbao wako peke yako, ubao wa kukatia vilevile. Sufuria ya chuma cha pua ikioshwa vizuri haina tatizo. Kikaango cha chuma kile kinachopakwa mafuta na hakisuguliwi kwa sabuni, hicho sikiamini, kinahifadhi tabaka za kila kilichopikwa humo. Nunua kidogo cha kwako.

Pika chakula chako kwanza, chao baadaye. Na chupa ya tamari iwekee alama, kwa sababu mtu akiwa na haraka anachukua kijiko kilichotoka kwenye hoisin na kukichovya kwako, halafu anasema ni tone tu.

Nje ya nyumbani usiulize "mna chakula kisicho na gluteni?" Wengi watasema ndiyo. Uliza: mnatumia soya sosi gani? Nioneshe chupa. Kikaango kinaoshwa kwa sabuni au kinasuuzwa tu na maji? Ukiona anakwenda jikoni kuuliza na kurudi na jibu, huyo anakujali. Akijibu papo hapo "haina ngano, ni wali tu", mimi naagiza chai.

Sufuria Nyeusi

😂😂 Naagiza chai. Bi Iliki heshima yako.

Update: nimejaribu ile sosi usiku huu, imeshika. Sasa MweziMpya malizia na hoisin maana mke wangu anaililia.

MweziMpya

Hoisin ya nyumbani: tamari vijiko vinne vya chakula, siagi ya karanga isiyo na sukari viwili (au ufuta uliosagwa kama karanga ni shida), asali au molasi viwili, siki ya mchele kimoja cha chai, kitunguu saumu punje moja iliyosagwa hadi ikawa uji, mafuta ya ufuta kijiko cha chai, viungo vitano vya Kichina nusu kijiko cha chai, pilipili unavyopenda. Viungo hivyo vitano ni ile anisi ya nyota (star anise), karafuu, mdalasini, pilipili ya Sichuan na shamari. Kaanga vizima bila mafuta hadi harufu ipande, saga.

Pasha taratibu huku ukikoroga dakika mbili tatu, karanga ziyeyuke. Ikiwa nzito mno, kijiko cha maji ya moto. Chupa safi, friji, wiki moja. Itatengana kidogo juu, ikoroge tu kabla ya kutumia.

Shemeji akitaka ya chaza nayo: loweka uyoga mkavu wa shiitake kwenye maji ya moto, maji hayo nusu kikombe yachemshe na tamari vijiko viwili na sukari kimoja hadi yapungue theluthi, funga na konflawa. Ule uyoga usiutupe, ukate utie kwenye mboga.